Pakiti Mbili Nilizompa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na wiki tatu tu tangu ajifungue mtoto wake wa tatu nilipomtembelea kwake Kamukuywa. Nilitoka Kitale, ninakofanya kazi katika duka la vitambaa, na kwenye mkoba nilibeba sukari, sabuni na pakiti mbili za vidonge vya kupanga uzazi. Vilikuwa vyangu. Nilikuwa nimevimeza miaka minne bila hata kuumwa kichwa.

Yeye ndiye aliyeniomba. Watoto wake walifuatana mno, na mumewe hakutaka kusikia habari za kliniki. Tuliingia chumbani, nikamwonyesha jinsi vidonge vilivyopangwa siku kwa siku, nikamwambia avifiche ndani ya mkebe mtupu wa majani chai.

Mama, aliyekuwa amekuja kumhudumia mzazi, alitukuta hapo. Aliichukua pakiti akaigeuzageuza. Akasimulia kwamba vya enzi yake vilikuwa vikali sana. Alikuwa akitapika kila asubuhi mpaka akaviacha, na ndipo akanipata mimi. Baadaye ikaja sindano ya miezi mitatu, akaipenda kwa sababu haikuacha kitu cha kufichwa nyumbani. Nikamwambia vya siku hizi vimepunguzwa nguvu, kama nilivyosikia kwa mwenye duka la dawa.

"Vimepunguzwa kwa ajili ya nani?" akauliza, akanirudishia pakiti.

Niliitia pakiti mkebeni. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Siku kumi baadaye mdogo wangu alinipigia simu akasema mguu wa kushoto unamuuma nyuma, chini ya goti. Mama alikuwa akimkanda kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni. Nikasema ni uchovu. Jumamosi nilipofika nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, mtoto mapajani, mguu ameunyoosha mbele. Ulikuwa umevimba karibu mara mbili ya mwenzake, ngozi inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Nilipougusa ulikuwa wa moto. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama bado anameza vile vidonge, akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kumwambia aache. Lakini ningemwambia aache kwa nini, na mimi mwenyewe ninavimeza, vimo mkobani? Nikalala hapo usiku ule, na Mama akaendelea kuukanda ule mguu.

Jumapili asubuhi, wengine walipokuwa wakijiandaa kwenda kanisani, mdogo wangu alitoka jikoni na sufuria ya uji. Hakufika mezani. Aliiweka chini polepole, akashika kifua, akaketi sakafuni. Alikuwa akivuta pumzi fupifupi kama mtu aliyekimbia, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mumewe aliazima gari la jirani, tukampeleka hospitali kubwa ya Bungoma. Njia nzima nilihesabu pumzi zake.

Daktari alikuwa kijana, mwenye sauti ya upole. Aliuliza kama kuna dawa yoyote anayotumia. Mumewe akajibu hakuna. Mdogo wangu alikuwa na oksijeni usoni, alinitazama tu. Mimi nikautazama mkoba wangu. Daktari akauliza mara ya pili, akasema ni muhimu. Mama akanigeukia, akangoja.

"Kuna vidonge vya kupanga uzazi," nikasema. "Ni mimi niliyempa."

Daktari hakunigombeza. Alitaka kujua alianza lini na vilikuwa vya aina gani, akaandika. Kisha akatueleza kwamba mwanamke aliyetoka kujifungua damu yake huganda kwa urahisi kwa wiki kadhaa, na vidonge vyenye homoni mbili, hata hivi vilivyopunguzwa, huongeza hatari hiyo. Damu ilikuwa imeganda mguuni, na kipande kimoja kimepanda mpaka kwenye mapafu. Akasema siku hizi kuna vidonge vya homoni moja, kuna kijiti cha mkononi, kuna koili inayowekwa kwenye mji wa mimba. Mwanamke anayenyonyesha hakosi cha kumfaa. Kliniki mdogo wangu angeulizwa maswali machache tu kabla ya kupewa. Halafu akamwambia Mama, kwa heshima, kwamba ule mguu usikandwe tena, kwani kukanda huweza kubandua damu iliyoganda. Mama akaitazama mikono yake.

Tulikaa nje kwenye benchi, shemeji yangu na mimi. Mwishowe akasema, "Nyote mlijua. Isipokuwa mimi."

Siku tatu hatukujua kama mdogo wangu atapona. Ya nne akaomba mtoto aletwe. Alitoka wadini akiwa na madoa meusi tumboni ya sindano za kuzuia damu kuganda, akaendelea kumeza dawa nyingine kwa miezi mingi. Yeye na mumewe walienda kliniki pamoja, kwa mara ya kwanza, akawekewa koili ya shaba isiyo na homoni.

Hajawahi kunilaumu. Lakini hatuendi tena pamoja kisimani, kama tulivyozoea kila nilipomtembelea. Nilipomtembelea juzi nilimwona kwa mbali akipanda kilima na mtungi. Alisimama katikati, akaweka mkono kifuani, akangoja pumzi irudi. Nikajificha nyuma ya ua ili asijue nimemwona.