Dawa Ambazo Bibi Hakuwahi Kuzimeza

“Shangazi, vijidudu vya kidonda cha bibi vimejifunza wapi kushinda dawa ambazo bibi hajawahi kuzimeza?”

Nilikuwa darasa la tano. Shangazi Tunu, mpimaji wa maabara katika hospitali moja Kasulu, hakunijibu. Alikuwa amepanda kwenye kisahani vijidudu vya mguu wa mama yake mwenyewe, aliyelazwa hapo hapo, na juu yake akaweka dawa saba. Dawa inayoviua huacha duara tupu. Kila mara alifungua kabati la joto na kuchungulia, utadhani kaweka maandazi.

“We Tunu, hebu kaa! Utavitisha hivyo vijidudu,” mwenzake Nadège alimtania.

“Heri vitishike, dada!”

Dawa moja tu ndiyo iliyoacha duara. Mguu wa bibi ukapona, ila shangazi hakutulia. Alikuwa akinawa mikono mpaka inapauka.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha nne, alinijibu ghafla: “Havikujifunza, mwanangu. Vijidudu hupeana vipande vya vinasaba vya kushinda dawa, hata kama si vya aina moja. Vya bibi vilipewa na vya mgonjwa wa kitanda cha jirani, na nadhani mimi ndiye niliyevikutanisha. Nilimsaidia yule kugeuka, nikaja kumfunga mama kidonda bila kunawa.”