Kidumu Kilichorudisha Wimbi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye sekondari moja ya Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, nilikabidhiwa chaki na darasa la fizikia lisilo na maabara. Nililia kidogo, nikajipangusa, nikaingia kufundisha. Ninyi mnaofundisha leo kwa picha za simu nawaonea wivu, ila si sana.

Baadaye nilihamishiwa Rumonge. Huko, asubuhi moja ya baridi, Mkurugenzi alinisimamisha mlangoni, uso umemkunjamana.

"Madamu, inspekteri iko njiani. Akiona hatuna vifaa, section ya sayansi wanaifunga. Hawa batoto batakwenda wapi?"

Wengi walikuwa watoto wa wakamua mafuta ya mawese wa Kizuka, jirani na hapo. Gharama za kusoma Bujumbura wasingeziweza.

Somo lilikuwa mitetemo ndani ya fuwele. Fuwele, mfano chembe ya chumvi, ni atomi zilizojipanga safu kwa safu, kila moja imeshikana na jirani zake. Ukitikisa moja, mtikisiko unapita kwa zote kama wimbi, na joto husafiri humo kwa njia hiyo. Lakini atomi moja ikiwa nzito kuliko wenzake, wimbi likifika hapo hutawanyika: sehemu hupita, sehemu hurudi. Kasoro yenyewe huioni kwa macho.

Atomi zangu zilikuwa vidumu vitupu ambavyo wanafunzi walileta kutoka makwao. Tulivining'iniza kwenye boriti, tukaviunganisha kwa vipande vya tyubu za baiskeli. Nilitaka kwanza wimbi lipite safi, kisha nijaze mchanga kidumu kimoja.

Mkaguzi, yule inspekteri, alikaa nyuma, mikono kifuani. Nilisukuma cha kwanza. Wimbi likaenda vizuri, likafika katikati, likarudi. Nikarudia. Likarudi tena.

"Madamu, ulisema litapita," alisema Mkaguzi. "Mbona linarudi?"

Nilikagua tyubu moja moja, zote zilikuwa sawa. Mkurugenzi aliangalia sakafu tu. Ndipo Espérance, msichana wa dawati la mbele, akasema:

"Madamu, inarudia palepale. Iko moja haiko sawa na zingine."

Nilikishika kile cha katikati. Kizito! Nikafungua kifuniko: mawese yalikuwa yameganda ndani kwa baridi. Waliokileta walikiosha nje, wakakigeuza, hakikudondosha hata tone, wakadhani ni kitupu. Nilicheka kwa hofu, kisha nikaanza kufundisha kama mtu aliyefunguliwa kamba: kidumu hicho ndicho kilikuwa atomi yetu nzito.

Mkaguzi alikuja mbele, akasukuma mwenyewe, mara nyingi, kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea.

"Section ibaki," alimwambia Mkurugenzi. Akanigeukia. "Na hiki musikioshe."

Sasa nimestaafu. Walinipa saa ya ukutani, imeshakufa, na kidumu kile, ambacho kinanuka jikoni kwangu. Darasa lile sasa analifundisha Espérance. Kila mwaka, somo likifika, anakuja kukiazima.

"Amahoro, Madamu. Nimekuja kwa kile kidumu."

Nampa kwa shingo upande, namfuata hadi barabarani nikimkumbusha asikioshe.