Kingereza yangu ya wiki tatu

Mungu wangu, ile siku sitaisahau. Wakati ule wa vita, basoda ba jeshi ya Uganda njo balikuwa bakubwa huku kwetu, upande wa Beni. Donc nikajifunza Kingereza wiki tatu, pale mu mutaa ya Bulengera. Kaye yangu ya kuandikia ilijaa salamu.

Siku moja, ku barrière ya Beni, pale basoda balifunga njia, komanda wao akakamata maharagi yote ya Mama Kavira, jirani yangu. Nikaenda kifua mbele: «Good morning, sir! How are you?» Akajibu muzuri. Nikajiona mwalimu.

Nikageukia Mama Kavira, nikamuambia mu Kinande, luga yetu, ili komanda asielewe: «Usiogope. Huyu wa masikio ya mbuzi nitamudanganya kwamba uko mugonjwa.»

Mama akafunika kinywa, akacheka. Mais komanda naye akacheka!

Kumbe alikuwa Mukonzo, kabila ya kule Kasese, Uganda, ngambo ya mupaka. Luga yao na Kinande yetu ni moja.

«Mama,» akasema mu Kinande safi, «beba maharagi yako, uende. Huyu mwalimu abakie. Anieleze masikio ya mbuzi mu Kingereza.»

Nikafungua kaye. Salamu, salamu, salamu tu.