Siku Nilipokinga Baraka kwa Kopo

Mkiniuliza kwa nini sishiki kitu mkononi nikisimama mbele ya wazee, sina budi kuwasimulia aibu ambayo haijazeeka, ingawa mimi mwenyewe nimeanza kuzeeka.

Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi, kijana wa Thika mwenye shahada (mama aliifunga kwa kitambaa akaificha sandukuni, asije mtu akaigusa), nikatumwa kufundisha afya kwa kina mama wazee katika kambi ya shamba moja la kahawa upande wa Ruiru. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, mkoloni akipambana na Mau Mau, kila mtu amechoka. Wale mama walifika moja kwa moja kutoka kuchuma, vidole vyeusi, wengine wakasinzia kabla sijafungua mdomo, na mimi pia nilikuwa hoi kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa nikiwaza kama nianze kwa salamu au kwa sala.

Somo lilikuwa kifua kikuu. Katikati yao alikaa Cucu Wambui (cucu kwetu ni nyanya), aliyekuwa kwenye matibabu yale marefu, ya sindano na vidonge, yanayochukua zaidi ya mwaka. Mwili ulikuwa umeanza kurudi, na hapo ndipo penye hatari, maana mtu akipata nafuu huacha dawa, na ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Dresa wa zahanati, yule mchoma sindano, alikuwa amenionya: "Mwalimu, huyu asituponyoke. Akiacha atakufa, na wenzake wataacha pia."

Kila mgonjwa alipewa kopo lenye kifuniko la kutemea makohozi, nami nilikuja na moja la kuonyesha. Kama ningeliacha mezani, mambo yangeishia hapo. Lakini mikono yangu hutetemeka mbele ya watu, nikaona heri niwe na kitu cha kushika. Basi nikafundisha: makohozi hayatemwi chini, hayatemwi jivuni, hayatemwi nyuma ya nyumba, yanatemwa hapa! Na kila nikisema "hapa" nafungua kifuniko na kunyoosha kopo mbele, tena na tena, mpaka mkono ukazoea wenyewe.

Nilipomaliza, Cucu Wambui akainuka na mkongojo wake, akaja hadi mbele yangu.

"Mwanangu, umetujali. Simama vizuri nikubariki."

Mtu aliyelelewa pande zetu anajua mwanamke mzee hubariki vipi: hukutemea mate kidogo kifuani. Mama yangu alinifanyia hivyo siku niliyokwenda chuoni! Nilijua, basi, nilijua kabisa, lakini nilipoona midomo ya Cucu ikijikusanya, mkono ukafungua kifuniko na kulikinga kopo chini ya kidevu chake.

"Hapa!" nikasema.

Kisha Mama Nekesa, mchuma kahawa aliyetoka Bungoma, akashindwa kujizuia. "Woi! Mwalimu, na padri akikunyunyizia maji utamkingia ndoo?"

Wengine hawakucheka. "Tumekatazwa kutembea bila ruhusa," mmoja akasema, "sasa hata baraka zinatiwa mkebeni."

Cucu alimeza yale mate. Nililiona koo lake likishuka.

"Basi na sindano zenu zitieni humo humo," akasema, akaenda zake.

Nikamkimbilia kati ya mibuni, huku nikifungua vifungo vya shati na tai ikinipiga usoni. "Cucu, nitemee! Nakusihi, nitemee!" Ilikuwa saa ya kupima kahawa, foleni nzima ya wachumaji na madebe yao ikasimama kumtazama msomi aliye kifua wazi akimwomba ajuza amtemee mate. Hapo nikateleza kwenye maganda ya kahawa yaliyooza, nikaanguka chali, kopo juu.

Cucu akageuka. Akakohoa, akageuza uso, akanyoosha mkono. "Lete hilo kopo."

Akatema humo, akafunika vizuri kama nilivyofundisha.

"Mate yangu bado yana ugonjwa?"

"Ndiyo, Cucu."

"Ningekutia ugonjwa?"

"Sijui. Pengine."

"Si ungesema kwa mdomo? Mimi nina masikio." Akanirudishia kopo pale chini. "Haya. Nitakuja kwa sindano mpaka yawe safi, halafu nitakubariki. Lakini nawe utanikoma."

Nikamkoma kweli. Kila alipokuja zahanati alianza mlangoni, "Kijana wa Kopo yuko wapi?" na jina likanifuata mpaka sokoni Thika, nikachoka hata kugeuka. Lakini hakukosa sindano wala kidonge.

Mwaka uliofuata, katika baridi ya Julai, majibu ya makohozi yake yakarudi safi. Alikuja siku ya darasa, akaniamuru nifungue shati, akaniacha nikitetemeka mbele ya kina mama wote mpaka akamaliza chai yake. Ndipo akaja, akanitemea kifuani. Mate yalikuwa ya moto. Sikuyafuta.

Tangu hapo, mzee akiinuka mbele yangu, kwanza naweka chini kila nilichoshika, halafu naiacha mikono itetemeke.