Kiwambo cha Bunduki na Masikio ya Mume Wangu

Mimi ni mwepesi wa hasira, na mwaka huo zote zilimwangukia mume wangu. Katika kwaya yetu ya Kiswahili, kanisani Abu Hamour, huku ugenini Uarabuni, alikuwa ameanza kuimba besi kwa nguvu mpaka kina mama wa soprano wakageuka kumtazama. Nilimtania kwamba Mungu si kiziwi. Wanakwaya walimheshimu mno, hakuna aliyemwambia neno.

Kazi yake ilikuwa kusimamia usalama kwenye uwanja wa shabaha huko nje ya Al Wakrah, bega kwa bega na wateja wanaofyatua bunduki. Aliponiambia mudiri, yaani meneja wao, anataka kununua viwambo vya kupunguza mlio, nilifurahi kuliko yeye. Mimi ni muuguzi, najua sikio likishakufa halifufuki.

Ila sheria ilikuwa haitulii. Msimu uliopita kibali cha uwanja kilitosha. Sasa kila kiwambo kilitaka idhini yake, na muuzaji wa viwambo alinong'ona kwamba masharti yangebadilika tena. Kimoja kilipata ruhusa ya kujaribiwa. Mudiri alisema mume wangu akikikubali, ataagiza vya uwanja mzima, na wafanyakazi waache kuvaa vile vifuniko vizito vya masikio, maana wateja walilalamika hawasikilizwi.

Ijumaa, siku ya mapumziko ambayo huku hata makanisa husali, nilimfuata uwanjani baada ya ibada. Mfanyakazi mwenzake, Mganda, alifunga kiwambo kwenye mdomo wa bunduki, akalala kifudifudi. Mume wangu alivua vifuniko vyake, akaniashiria na mimi nivue vyangu.

"Vua tu, mama watoto. Utashangaa."

Nilivua upande mmoja. Risasi ikatoka, na mlio ukanipasua sikio, nikaruka. Yule Mganda naye alikunja uso, na vyake alikuwa amevivaa.

Mume wangu alikuwa anatabasamu.

"Umeona? Kimya kabisa! Bei yoyote, tuchukue."

Hasira zangu zote za kwaya zilinirudia kama aibu. Nilisogea nyuma yake, hatua chache tu, nikamwita kwa sauti ya kawaida ya jikoni kwetu. Hakugeuka. Nikaita tena. Mganda ndiye aliyegeuka, akanitazama, kisha akainamisha kichwa.

Nilimzunguka mume wangu nikasimama mbele yake.

"Baba watoto, kile kitu kimepiga kelele. Nimekuita mara mbili."

Alinitazama midomo. Hapo nikajua amekuwa akiitazama kwa muda mrefu, na mimi nikidhani ni mapenzi.

Alivaa vifuniko vyake, akavivua tena, akaketi kwenye benchi. Niliogopa atapoteza kazi yake, na najua yeye aliogopa zaidi, kwa sababu visa ya familia yetu kuishi huku ilitegemea kazi hiyo. Halafu akampigia mudiri, akiongea kwa sauti kubwa kama kawaida yake.

"Bosi, kiwambo sijui. Watu wasivue vifuniko. Na kukipima, tafuta mwenye masikio."