Mfungwa wa Maisha Aliyezikwa Masinya

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kaptura ya kaki iliyopita magoti, fulana nzito ya buluu na mkanda. Viatu sikupewa. Sajini wa zamu, mtu wa Kaskazini mwenye chale mashavuni, alinitazama miguu akasema, "Wewe wa Merikit, miguu yako tayari ni viatu. Ngoja mwaka kesho." Nikangoja miwili. Hivyo ndivyo nilivyoingia kuwa askari wa jela Tororo, enzi za Mfalme wa Waingereza, nikiwa nimesoma madarasa mawili tu ya misheni, tena la pili nililikimbia kwa sababu ya mwalimu mwenye fimbo ya mstafeli. Mnisamehe basi nikipotea njia katika kusimulia. Nitarudi.

Mnaopita Tororo siku hizi mnauona mwamba ule na kusema, ni jiwe. Sisi tulikaa chini yake. Kuna saa za mchana lilionekana kama linapumua, na kivuli chake kilikuwa kikitambaa polepole hadi uani kwetu, kikawafunika wafungwa waliokuwa wakisuka mikeka, wote wakanyamaza bila kuambiwa. Nimezeeka, na hata leo nikisinzia mchana huwa nakisikia kile kivuli kinapita juu ya magoti yangu, baridi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu. Sajini aliita "kuhesabu vichwa." Wafungwa wanachuchumaa wawili wawili, askari anapita akigusa mabega, na hesabu ikikosa kichwa kimoja hakuna anayekula, mfungwa wala askari. Kila mlango ulikuwa na kadi yake: jina, kosa, miaka, siku ya kutoka. Aliyeiba mbuzi alikuwa na siku yake, aliyepiga mke alikuwa na siku yake. Lakini nilimkuta mmoja ambaye pale pa siku ya kutoka palikuwa na mstari tu, umepigwa kwa rula. Nikamuuliza karani, "Huyu anatoka lini?"

Karani hakuinua kichwa. "Huyo ni wa maisha. Hiyo ndiyo siku yake."

Nilirudi kuutazama ule mstari mara nyingi. Kwetu Merikit, nchi ya Padhola, babu yangu hakuwa na neno la jela. Mtu akimuua mtu, ukoo wake ulitoa ng'ombe, au zamani zaidi msichana, aende akazae mtoto atakayeitwa jina la yule aliyekufa, ili jina lisipotee. Mwislamu mmoja wa mjini aliyekuwa akituletea unga na maharagwe, mzee mwenye maneno, aliniambia sharia yao ina milango mitatu: kisasi, au diya, malipo ya damu, au msamaha, na mwenye funguo ni ndugu wa maiti, wala si serikali. "Ninyi hapa," akasema, "mnamfungia mtu chumbani mpaka afe. Nani amelipwa?" Nilikuwa na funguo, lakini si zile.

Na upande wa pili wa mpaka, Busia ya Kenya, Mwingereza ni yuleyule lakini jela zake ni nyingine. Wasamia, wanaokaa pande zote mbili za mpaka, walicheka sana. Shangazi yako akikaa ng'ambo ya mstari, nazi— hapana, kwetu hakuna nazi. Niseme mtama— mtama wake ni wa serikali nyingine, na mnakula sahani moja.

Sasa nirudi. Katika mwaka wangu wa pili akaletwa Egesa wa Masinya, kijiji cha Wasamia. Alikuwa kijana wa mabega mapana, mwenye mke aitwaye Nabwire. Walikuwa wakinywa pombe ya mtungi kwa mirija na rafiki yake Ouma wa Bulumbi, wakagombana juu ya mrija, nani amevuta zamu mbili. Egesa akainua kigoda, akampiga Ouma kichwani mara moja. Ouma alikuwa mtoto wa pekee wa mama yake. Korti ilisema Egesa anyongwe. Baadaye karatasi ikaja kutoka kwa Gavana: kamba imeondolewa, awekwe ndani maisha. Wa maisha walipelekwa jela kuu, mbali kule ziwani, na nguo zao za nyumbani zilirudishwa kwa ndugu, maana zingeozea stoo.

Bwana Mkubwa wa jela, Mzungu mwembamba aliyependa maua, aliniita. Kiswahili chake kilikuwa cha amri. "Wewe peleka nguo. Wewe sema, yeye hapana kufa. Gavana nasamehe. Yeye nakaa jela maisha. Nasikia?"

"Nasikia, bwana."

Nikapanda baiskeli ya serikali, bunda la nguo nyuma: shati moja, suruali moja, kofia ya ukindu. Ninyi vijana hamtaelewa, lakini mimi nilipaswa kuelewa, maana hata kwetu Merikit ni hivyo hivyo. Nguo za mtu zikirudi nyumbani zimefungwa, zimebebwa na mgeni, na mwenyewe hayupo, hizo si nguo tena. Niliposhuka uani Masinya, Nabwire aliiona kofia. Sikuwa nimefungua mdomo. Aliangusha ungo, akaweka mikono kichwani, na kilio kikaruka ua kwa ua kama moto wa nyasi.

Nilijaribu, Mungu anajua, lakini nilijaribu kidogo. Mzee wa ukoo aliniuliza, "Atarudi?"

Nikasema, "Serikali imesema atakaa huko mpaka afe."

"Basi unatuambia nini kingine?"

Hapo ndipo ningesema: yu hai, anakula, jana alinisalimu. Lakini watu walikuwa wengi na mimi kijana mwenye kaptura, na wanawake wakanikalisha, wakaniletea kuku. Nikala. Ndiyo, nilikula chakula cha matanga ya mtu niliyemhesabu asubuhi ile kwa mkono wangu.

Kesho yake walimzika. Nilikuwapo, mvua ilinizuia kuondoka. Mtu aliyepotelea ziwani, au aliyenyongwa na serikali ikamficha ndani ya ukuta wake, anazikwa kwa mgomba: unakatwa, unavikwa nguo zake, unalazwa kaburini badala yake. Walioukata siku ile walikuwa na haraka, wakauchimbua na shina lake lote. Na mama yake Ouma alikuja kutoka Bulumbi, mwanamke mfupi, hana machozi. Akatupa udongo, akasema, "Mtu kwa mtu. Mimi sidai ng'ombe, sidai msichana. Tumemaliza." Wazee wakashusha pumzi. Damu ya Ouma ilifungwa hapo, juu ya kaburi la mgomba.

Nilimwambia Bwana Mkubwa, "Nimefikisha."

Miaka ikapita kama inavyopita jelani, yaani bila sauti. Nikahamishiwa jela kuu, chini ya Ofisa Mkuu aliyekuwa akivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na huko nikamkuta Egesa, mvi zimeanza. Wa maisha walikuwa wapole kuliko wezi wa kuku. Sajini wa huko alisema, "Mwenye siku ya kutoka ndiye anayekusumbua."

Mlango ukishafungwa alasiri, Egesa alikuwa anakwenda nyumbani. Nasema anakwenda. Aliketi, akafumba macho, na mimi nje ya nondo nilimsikia akitaja njia: daraja la magogo, nyumba ya mfinyanzi, kinamasi chenye ndege weupe, kichuguu kinachofanana na mbuzi aliyelala. Kila siku alifika mbali kidogo. Siku moja aliniambia, "Afande, leo nimesimama langoni. Nabwire anaanika mtama. Sikuingia." Nikamuuliza kwa nini. "Nikiingia leo, kesho nitakwenda wapi?" Hata mimi nilianza kuijua njia ile usingizini, nikaiota, na ndani ya ndoto lile kaburi halikuwapo. Sikumwambia. Ningemwambia ningemuua mara ya pili.

Kulikuwa na karatasi ya tabia. Kila baada ya miaka kadhaa, kila wa maisha aliandikiwa: anafanyaje kazi, amepigana na nani, anajuta au hajuti. Inakwenda kwa Gavana. Kumbe maisha ya serikali yana kipimo, ila hawasemi ni kipi. Karatasi ya Egesa ilikwenda ikarudi, ikakwenda ikarudi. Mimi nikarudishwa Tororo, nikiwa na V mbili begani na viatu, naye akaletwa huko baada yangu, na siku moja karani akapiga mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Gavana amemwachilia. Kwa sharti: akabidhiwe kwa chifu wa gombolola, yaani tarafa ya kwao, na chifu atie sahihi kwamba mtu huyu ana nyumba iliyompokea. Sahihi isipopatikana, anarudi ndani.

Nikaomba mimi nimpeleke. Sajini akacheka, "Korplo mzima unataka kusindikiza mfungwa kwa miguu?" Nikasema ndiyo, afande.

Tulipofika kinamasi nikamwambia yote. Ndege weupe walikuwapo. Alisikiliza akiwa ameshika ufito wa mafunjo, akiumenya polepole.

"Walilia sana?" akauliza.

"Sana."

"Nani alilia zaidi?"

"Nabwire. Halafu kaka yako Wandera."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa salamu nzuri. Kisha akasema, "Na kuku ulikula."

"Nilikula."

"Alikuwa mnono?"

"Alikuwa mnono, Egesa."

Akatupa ule ufito, akatangulia mbele mpaka Masinya.

Chifu alikuja na wazee. Egesa akasimama nje ya lango. Wandera alitoka, akamwona, akakaa chini. Alikuwa amemrithi Nabwire kama desturi ilivyotaka, wana watoto watatu. Nabwire alichungulia mlangoni, akavuta leso usoni, hakutoka. Hakuna aliyemchukia Egesa. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mzee wa ukoo alisema kwa upole, "Mwanangu, ukiingia hapa, wewe hujafa. Kama hujafa, tumemdanganya mama Ouma kaburini, na damu ya mtoto wake imefunguka. Wa Bulumbi watakuja. Watoto wa kaka yako ndio watakaoilipa."

"Basi nirudi," Egesa akasema. Akanigeukia. "Afande, twende."

Nikamwambia chifu tungoje. Nikakopa baiskeli, nikaenda Bulumbi mwenyewe. Mara hii nilisema kila kitu, kuanzia ile kofia ya ukindu mpaka kuku. Yule mama alikuwa amejikunja kwa uzee. Alisikiliza, akaniuliza, "Wewe ndiye kijana uliyekula huku umenyamaza?" Nikasema ndimi. "Nilikuona. Nikafikiri, huyu ana njaa kuliko wafiwa." Kisha akasema nimpakie nyuma ya baiskeli.

Wanaume wa Masinya walipomwona walisimama. Hakuwasalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi. Ule mgomba waliouzika na shina lake ulikuwa umeota, ukazaa, ukazaa tena, sasa ni kichaka kizima chenye kivuli, ndizi zimeiva zinadondoka.

"Hizi mnakula?"

"Hatuli, mama. Ni kaburi."

"Chakula kinaoza na mimi nalima peke yangu," akasema. "Nipeni panga."

Akakata mkungu mmoja kwa mikono yake ile, akaupika pale pale uani, moshi ukazunguka, watu wamekaa kama wako ndani ya maji. Akachukua sahani, akatoka nayo hadi nje ya lango alikokuwa amesimama Egesa. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Egesa amelala pale," akasema. "Nilimzika mimi, nilitupa udongo. Hatafukuliwa, na damu ya mtoto wangu siidai. Lakini mimi nadai mtoto kwa njia ya zamani, na sitaki msichana wa mtu aozwe kwa ajili yangu. Kula."

Akala.

"Wewe ni Ouma. Kesho utakuja Bulumbi kulima."

Wazee walitazamana. Mmoja akasema hajawahi kuona jambo kama hili, mwingine akasema hata wao hawajawahi kumzika mtu aliye hai. Wakamnyoa nywele nje ya lango kama anavyonyolewa mtoto mchanga. Chifu akauliza aandike jina gani kwenye karatasi ya Gavana. Nikamwambia aandike lililoko kwenye kadi, serikali ina yake. Akatia sahihi.

Nilistaafu bendera ya Mwingereza ilipokuwa inakaribia kushuka. Nina cheti kimoja na goti bovu. Wajukuu huniuliza sheria ipi ilikuwa nzuri, ya babu, ya sharia au ya Mfalme, nami nawaambia mimi nilikuwa mtu wa kuhesabu tu. Mwingereza alimfunga yule mtu maisha, kisha akachoka akamwachilia. Mama Ouma hakuchoka. Yule mwana wake mpya alimlimia mpaka mama akafa, akamzika kama mtoto anavyomzika mama yake, akabaki Bulumbi kwenye kibanda cha yule mama.

Nilikuwa nikimkuta sokoni Busia siku za gulio, amebeba mihogo. Nikimwita "Ouma," alikuwa hageuki mara moja. Alisimama kwanza, kama mtu anayesikiliza kitu mbali, halafu ndipo akageuka, akaitika.