Picha ya Taa ya Jirani

Jirani yangu hapa Singida mjini, mzee wa rika la baba, alinikuta uani gizani na kamera, napiga picha wingu jekundu lililo kati ya nyota. Akanitangaza mchawi, kisha akafunga taa kubwa inayomulika kwangu. Picha zangu zikawa nyeupe kama uji.

Siku umeme ulipokatika, nililipata wingu lote, jekundu kama kaa la moto. Alipoliona kwenye simu yangu, eti na yeye akataka picha yake ya kutundika sebuleni.

Shikamoo nilimpa. Picha nzuri sikumpa. Nilimtilia kwenye fremu moja ya zile picha nyeupe.

“Mbona halionekani?”

“Ndivyo linavyoonekana kutokea kwetu, mzee.”

Mpaka leo anawaonyesha wageni wingu la mbinguni. Wingu gani? Ametundika taa yake.